Je, Wajua? Tovuti Nzima Ndani ya Kontena, Sigalagala

Je, wajua kwamba unaweza kusoma tovuti ukurasa baada ya ukurasa, ukabofya viungo vyake na kutazama picha zake, bila kutumia hata kilobaiti moja ya bando? Mwanafunzi wa teknolojia ya habari pale Sigalagala National Polytechnic, kando ya barabara ya kutoka Kakamega kwenda Kisumu, anaweza kuketi chumbani, akazima data, akaandika kwenye kivinjari http://localhost:1313, na tovuti ya maelezo ya programu ikafunguka mbele yake. Haiko Nairobi wala Marekani. Iko kwenye laptopu hiyo hiyo aliyoipakata.

Je, wajua kwamba "localhost" ni jina tu la anwani 127.0.0.1, na kwamba anwani zote zinazoanza na 127 zimetengewa mashine kujisemesha yenyewe? Ziko 16,777,216. Ujumbe unaopelekwa kwa yoyote kati ya hizo hautoki nje ya kompyuta. Ndiyo maana kurasa hufunguka upesi hata siku mtandao umelala.

Je, wajua kwamba kila kompyuta ina milango 65,536 ya kupokelea wageni wa mtandao, yaani poti, kuanzia 0 hadi 65535? Watengenezaji wa programu za kujenga tovuti za maelezo walijichagulia kila mmoja poti yake. Hugo hufungua 1313, Jekyll 4000, MkDocs 8000, Docusaurus 3000. Ukiona nambari hizo mwishoni mwa anwani, umeshajua nusu ya kinachoendelea nyuma ya pazia.

Mafahali wawili hawakai zizi moja. Kwetu Isukha na Idakho, hapa Kakamega, ambako fahali hupiganishwa mbele ya umati, methali hiyo haihitaji ufafanuzi. Na poti nayo haipokei seva mbili kwa wakati mmoja: ukiwasha ya pili, utajibiwa kwamba anwani hiyo inatumika. Ukiwa umeiweka seva ndani ya kontena, yaani sanduku la kuendeshea programu ambalo tutalifikia hivi punde, dawa ni kubadili nambari moja kwenye amri ya kuliwasha. Katika "-p 8080:1313", nambari ya kushoto ni mlango wa laptopu yako, ya kulia ni mlango wa kontena. Wanaoanza wengi huzigeuza, halafu wakahangaika saa nzima.

Je, wajua kontena lilikuwa sanduku la mizigo kabla ya kuwa la programu? Tarehe 26 Aprili 1956 meli iitwayo Ideal-X iliondoka bandari ya Newark, Marekani, kuelekea Houston ikiwa na masanduku 58 ya alumini. Aliyebuni safari hiyo, Malcom McLean, alikuwa mwenye malori. Alikuwa amechoshwa na kuona mizigo ikishushwa lorini kipande kwa kipande na kupakiwa melini kipande kwa kipande. Wazo lake lilikuwa jepesi: funga kila kitu ndani ya sanduku la kipimo kimoja, kisha meli, treni na lori zijali sanduku tu, si kilichomo. Makontena unayoyaona yakipita kwenye malori kutoka Kilindini kuelekea Malaba ni uzao wa siku ile.

Sasa sikiliza jina Docker, programu ya kutengeneza na kuwasha makontena ya kompyuta. Maana yake ni kuli wa bandarini. Nembo yake ni nyangumi aliyebeba makontena mgongoni. Mzanzibari Shafi Adam Shafi aliliweka neno kuli kwenye jalada la riwaya yake mwaka wa 1979, na mwaka huo huo, mbali kabisa na Zanzibar, mfumo wa Unix toleo la 7 ulipata amri ya "chroot", iliyoweza kuifungia programu ndani ya folda moja na kuifanya iamini kwamba hiyo folda ndiyo dunia yote. Kontena la leo ni mjukuu wa amri hiyo. Baadaye zikaja "jela" za FreeBSD mwaka wa 2000, na mwaka wa 2008 kiini cha Linux kikapokea kazi ya wahandisi wa Google ya kuipimia kila programu kumbukumbu na nguvu ya prosesa inayoruhusiwa kula.

Je, wajua Docker ilitambulishwa kwa dakika tano tu? Ilikuwa 15 Machi 2013, kwenye mkutano wa wapenzi wa lugha ya Python huko Santa Clara, California. Solomon Hykes alipewa nafasi fupi jukwaani, akaonyesha kazi ya kampuni yake ndogo iliyoitwa dotCloud, akashuka.

Je, wajua tofauti ya imeji na kontena? Watu huyachanganya maneno haya kila siku. Nenda kwa wafyatua matofali. Imeji ni kalibu: haibadiliki, na haijali umeitumia mara ngapi. Kontena ni tofali lililotoka kwenye kalibu hiyo. Kalibu moja hutoa matofali mia, na tofali likivunjika kalibu haijui habari. Ila tofauti ipo moja, nayo inafurahisha: imeji hujengwa kwa matabaka, na tabaka ambalo halijaguswa halijengwi tena. Kwa hiyo kwenye faili ya maagizo, yaani Dockerfile, tanguliza yale yasiyobadilika sana, kama kusakinisha Hugo, na yanayobadilika kila saa yaje mwisho. Ukigeuza mpangilio huo, kila ukisahihisha nukta moja utasubiri kila kitu kisakinishwe upya, na kwa bando la siku moja huko si kusubiri tu, ni hasara.

Kwa nini basi kuzungushia tovuti ya maelezo kontena, na si kusakinisha Hugo moja kwa moja? Kwa sababu ya matoleo. Mradi mmoja unataka Hugo ya mwaka jana, mwingine unataka ya mwezi huu. Ukizisakinisha zote kwenye laptopu moja, tunarudi kwa wale mafahali. Ndani ya makontena, kila moja ina zizi lake. Na kilicho kikubwa zaidi kwangu ni hiki: aliyeko Sigalagala na laptopu ya mtumba anapata zana ile ile, ya toleo lile lile, anayoitumia mhandisi wa San Francisco. Nikiandika ukurasa na ukaonekana sawa kwangu, nina hakika utaonekana sawa kwake.

Je, wajua kwamba mojawapo ya tovuti kubwa za maelezo ya programu duniani inakupa njia hii tayari? Ni ile ya Kubernetes, programu ya kuongoza makontena mengi kwa pamoja. Jina lake ni la Kigiriki, maana yake mshika usukani, na nembo yake ni usukani wa meli wenye mikono saba. Mwaka wa 2018 tovuti hiyo ilihama kutoka Jekyll kwenda Hugo. Ukishaipakua kwenye mashine yako, amri ya kuwasha seva ni "make container-serve"; ipo pia "make container-image", ukitaka kujijengea imeji mwenyewe. Kisha unakwenda localhost:1313 na kusoma. Ukisahihisha sentensi kwenye faili na kuihifadhi, ukurasa kwenye kivinjari hujibadilisha wenyewe kabla hujarudisha mkono kwenye kipanya. Mara ya kwanza nilipouona, nilibadilisha neno moja mara tano mfululizo, kwa raha tu ya kulitazama likigeuka.

Tahadhari mbili kuhusu mradi huo. Kwanza, mandhari yake, iitwayo Docsy, hukaa kwenye hazina tofauti, kwa hiyo ukiipakua tovuti bila kuileta mandhari, utapata makosa badala ya kurasa. Pili, ni tovuti nzito. Laptopu yenye kumbukumbu ndogo huweza kushindwa katikati ya ujenzi, na ujumbe wa kosa hautasema waziwazi kwamba kumbukumbu imeisha. Ongeza kiasi ambacho Docker imeruhusiwa kutumia, funga kivinjari chenye vidirisha thelathini, ujaribu tena.

Je, wajua imeji inaweza kusafiri kwa flashi? Hili nalisema polepole kwa sababu najua bei ya bando. Mtu mmoja anakwenda penye mtandao mzuri, anapakua imeji mara moja. Anaandika "docker save -o hugo.tar" akifuatisha jina la imeji, na imeji yote inakuwa faili moja. Anainakili kwenye flashi. Darasani, kila mmoja anaandika "docker load -i hugo.tar", na wanafunzi thelathini wana zana kamili kwa gharama ya upakuaji mmoja. Wala hakuna wasiwasi wa imeji kuharibika njiani bila kujulikana: kila imeji ina alama yake ya SHA-256 yenye tarakimu na herufi 64, inayotokana na yaliyomo. Alama zikilingana, mzigo umefika mzima.

Kuna sababu nyingine ya kupendelea flashi. Novemba 2020, ghala kuu la imeji, Docker Hub, lilianza kuweka kikomo kwa wasiojisajili: mara 100 kwa kila saa sita, na hesabu ilifanywa kwa anwani ya mtandao, si kwa mtu. Maabara nzima ya kompyuta ikitokea mtandaoni kwa anwani moja, wanafunzi wote ni mtu mmoja machoni mwa ghala.

Na uzito? Imeji ya msingi ya Alpine haifiki megabaiti 10. Ile ya Debian kamili ikishafunguliwa hupita 100. Chagua ukijua nani analipia.

Je, wajua kosa linalowatesa wengi kuliko yote? Lilinitesa na mimi, jioni moja, hadi stima ikapotea sijalitatua. Kontena linawaka. Seva ndani yake inasema iko tayari. Poti umeifungua vizuri. Unafungua kivinjari, hakuna kitu. Unarudia. Hakuna kitu. Sababu ni hii: kontena nalo lina localhost yake. Seva iliyo ndani ikiambiwa isikilize 127.0.0.1, inasikiliza 127.0.0.1 ya kontena, si ya laptopu. Wewe unapiga hodi mlango wa nje, na mwenye nyumba amejifungia chumba cha ndani, anamsubiri mtu ambaye tayari yumo. Dawa ni kuiambia isikilize pande zote: "hugo server --bind 0.0.0.0". Maneno machache, na usiku wote ungekuwa wangu. Siku hizi nikimfundisha mtu, ndilo jambo la kwanza kumwambia, kabla hata ya kumweleza kontena ni nini.

Je, wajua kwamba ukurasa unaweza kufichwa na saa? Hili ni letu kabisa sisi wa Afrika Mashariki. Tuseme umeandika ukurasa saa mbili asubuhi, ukaweka juu yake tarehe ya leo na 08:00, bila kutaja majira ya wapi. Hugo, usipoielekeza vingine, huhesabu saa hiyo kuwa ya majira ya dunia, UTC, ambayo iko nyuma ya Kenya kwa saa tatu. Kwake yeye, wakati huo ni saa kumi na moja alfajiri, na ukurasa wako unatoka siku zijazo. Kurasa za siku zijazo huwa haijengi. Utautafuta ukurasa, hutauona, utafikiri umeharibu kitu. Ikifika saa tano asubuhi, utaujenga tena na utajitokeza bila wewe kubadilisha lolote. Weka "timeZone" kuwa "Africa/Nairobi" kwenye faili ya mipangilio, au uandike tarehe pamoja na +03:00, na fumbo hili halitakurudia.

Ndugu wa kosa hilo ni neno "draft: true" juu ya ukurasa. Rasimu hazijengwi hadi uongeze "-D" kwenye amri.

Je, wajua kwamba unaweza kuitazama tovuti iliyo kwenye laptopu kwa kutumia simu yako, na bado bando lisiguswe? Washa hotspoti ya simu, unganisha laptopu, tafuta anwani ya laptopu kwenye mtandao huo mdogo, mara nyingi huanza na 192.168, kisha uiandike kwenye kivinjari cha simu ukifuatisha :1313. Data inatoka laptopu kwenda simu, haiendi kwa kampuni ya simu. Iambie Hugo pia anwani hiyo kwa "--baseURL", la sivyo viungo vitakurudisha localhost, na localhost ya simu ni simu. Fanya hivi kila mara. Msomaji wetu wa kawaida hana laptopu. Atasoma maelezo yako kwenye kioo cha simu, labda ndani ya matatu, na jedwali lako la safu tisa litamkatika katikati.

Lakini jihadhari na upande wa pili wa jambo hilo. Ukiandika "-p 1313:1313" peke yake, Docker hufungua poti hiyo kwa yeyote aliye kwenye mtandao mmoja nawe. Ukiwa saiba au kwenye Wi-Fi ya watu wengi, andika "-p 127.0.0.1:1313:1313", kazi ambayo haijakamilika isionwe na jirani.

Je, wajua kontena halina kumbukumbu? Kile kilichoandikwa ndani yake hupotea kontena likifutwa, na likiwashwa kwa "--rm" hufutwa lenyewe mara tu linapozimwa. Kwa hiyo maandishi yako yasikae humo. Yaache kwenye folda ya laptopu, kisha uifungulie kontena dirisha la kuitazama folda hiyo kwa "-v". Kontena likitoweka, au stima ikikatika, maneno uliyokwisha kuyahifadhi yako pale pale.

Dirisha hilo lina vituko vyake. Kwenye Linux, faili zinazoundwa na kontena mara nyingi huwa mali ya "root", nawe utajikuta huwezi kufuta folda iliyo nyumbani kwako hadi utumie "sudo". Ongeza "--user" na nambari yako ya mtumiaji. Kwenye Windows, makontena haya ya Linux huishi ndani ya Linux iliyofichwa, WSL 2, na ukiacha faili zako upande wa diski ya C, taarifa kwamba faili imebadilika haivuki mpaka. Ukurasa haujigeuzi. Hamishia faili upande wa Linux, au umwambie Hugo azichungulie mwenyewe kwa "--poll".

Laptopu za Apple zenye chipu ya M1, zilizotoka 2020, hutumia aina nyingine ya prosesa. Imeji ya flashi iliyotengenezwa kwa Intel itasuasua humo.

Je, wajua Markdown, mwandiko mwepesi wa nyota na alama za reli unaotumiwa na tovuti hizi, ulitolewa na John Gruber mwaka wa 2004? Mwaka huo huo, Eldoret, mji usio mbali na Kakamega, kulianza safari ya programu ambayo leo inajulikana dunia nzima. Kituo cha afya cha Mosoriot kilikuwa na mfumo wa kompyuta wa rekodi za wagonjwa tangu 2001, uliotokana na ushirikiano wa Chuo Kikuu cha Moi na Chuo Kikuu cha Indiana. Wagonjwa wa virusi vya ukimwi walipoongezeka, mfumo ulizidiwa, na Burke Mamlin na Paul Biondich wakaja Eldoret kutazama. Kilichozaliwa ni OpenMRS, programu huria iliyoanza kutumika Eldoret mwaka wa 2006 na kusambaa nchi nyingi. Sasa unaweza kuiwasha kwenye laptopu yako kwa "docker compose up", hospitali nzima ya mazoezi ikakaa mezani. Nani aandike maelezo ya kuitumia, ikiwa si kijana anayeifahamu kliniki ya huku kwetu, aliyemwona muuguzi akihangaika na kitufe?

Na lugha je? Mwaka wa 2004, tena mwaka huo, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi iliyozungumza Kiswahili, kupitia mradi wa Kilinux. Kwa hiyo hakuna haja ya kuuliza kama lugha yetu inaweza kubeba kompyuta. Kwenye Hugo, kuongeza lugha ni kuongeza folda na mistari michache ya mipangilio. Msimbo wa kimataifa wa Kiswahili ni herufi mbili, "sw". Mradi wa Kubernetes nao umeandika masharti ya kuanzisha lugha mpya, na moja ni kwamba lazima muwe angalau wawili, kwa sababu hakuna anayeruhusiwa kuidhinisha kazi yake mwenyewe.

Wawili hawakosekani. Mmoja ataandika "make container-serve" akiwa bwenini, mwingine atafanya hivyo hivyo kwao Khayega, na folda ya kwanza watakayoifungua itaitwa content/sw.